Moto wa Kitani

Kabla Kemuma hajaenda Homa Bay, wapangaji wa ploti ya Otieno walikuwa wakila walichopata na kulala usingizi wao. Aliporudi kutoka semina ya afya ya siku tano, mwezi wa Machi mwaka wa 1996, akiwa na kilo tatu za mbegu za kitani mkobani na kijitabu kwapani, ikawa hakuna mtu tena aliyejua kula, kuosha nywele wala kutibu jipu isipokuwa yeye.

Ploti yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji wa Migori. Vyumba sita vya mabati vimetazamana, choo nyuma, kamba za nguo katikati. Kemuma na mumewe Mosoti walikodi vyumba viwili, tena walikuwa na kibanda chao wenyewe cha kupikia chenye mlango na kufuli, jambo ambalo Kemuma hakumruhusu mtu kulisahau. Wengine walipikia nje na moshi wao ukawaingia machoni.

Mbegu za kitani ni ndogo, bapa, za rangi ya kahawia, zinateleza vidoleni. Kemuma alizikaanga kidogo, akazitwanga, akazitia kwenye uji wa wimbi. Aliziloweka mpaka zikatoa ute, ute ule akautia kwenye unga wa mandazi mahali pa mayai. Ute mwingine aliuchuja kwa kitambaa akampaka bintiye Liz kichwani ili nywele zilale. Alizichemsha zikawa rojorojo, akazifunga kwenye kipande cha leso na kumbandika Mosoti jipu la shingoni, na Mosoti, mwanamume ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu isipokuwa kazi, alikaa siku mbili na ule mzigo shingoni bila kuuliza. Kijiko kimoja kwa mwenye tumbo gumu. Vijiko viwili kwa mwenye damu chafu. Damu chafu ni nini hasa, kijitabu hakikusema, ila Kemuma aliwaona watu wengi wenye nayo.

Hakuwafundisha watu, aliwakaripia. Mafuta ya Kimbo ni sumu. Mayai yana makosa yake. Hata simsim, ambayo kina mama wa Migori wamekula tangu utotoni, aliitaja akikunja pua, kama vile ni jamaa wa kijijini aliyeingia sebuleni na viatu vya matope. "Nyinyi hamsomi," ndilo lililokuwa neno lake. "Mtu asiyesoma atakula tu kama ng'ombe."

Caren wa chumba cha nne, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sori, aliitikia kila neno kwa kichwa. Alipewa kikombe cha mbegu, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda nyuma ya nyumba akawamwagia kuku.

Asiyeitikia alikuwa Nyangi peke yake. Huyu alikuwa mjane wa Kikuria, umri wake sabini na kitu, na alikuwa amekaa chumba cha sita miaka kumi na tisa, na mbuzi watatu. Hakuwa na kanisa. Kabla ya kula alidondosha tonge dogo chini kwa ajili ya marehemu wake, kisha akala kwa raha zake. Siku Kemuma alipomletea mbegu aone mwangaza, Nyangi alizitandaza kiganjani, akazisogeza machoni.

"Hizi ni kunguni," akasema.

Wapangaji walicheka. Kemuma akamwonyesha bakuli la ute, akamweleza faida zake moja baada ya nyingine. Nyangi alichovya kidole, akauvuta ute juu ukaning'inia.

"Na hii ni mrenda. Mama Liz, mrenda tunachuma bure hapo nyuma ya choo."

Wakacheka tena, na safari hii Mosoti pia. Tangu siku hiyo Kemuma hakumsalimu Nyangi. Ndani ya nyumba yake alimwita "yule wa giza," na alipomsikia akiongea na mbuzi wake alfajiri alisonya kwa nguvu, ili kusonya kwenyewe kusikike kupitia mabati.

Sasa, aliyewafundisha kule Homa Bay alikuwa Bi. Priscilla, mwanamke wa miwani na sauti ya pole, na habari ikaja kwamba Bi. Priscilla anazunguka kutafuta mama mmoja wa kuongoza mafunzo ya afya katika makanisa yote ya upande wa Migori. Angefika kwa Kemuma Jumapili asubuhi, ale, aone kama nyumba yake ni nyumba ya mfano. Kemuma alisoma barua mara nne. Hakulala vizuri wiki nzima. Alijiona tayari amesimama mbele ya wanawake mia mbili, wote hawajui kitu.

Chakula hakikumtia wasiwasi. Ila kijitabu kilisema, ukurasa wa mwisho, kwamba mafuta ya mbegu hizohizo hung'arisha mbao. Mafuta ya aina hiyo, yale yasiyolika, huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mafundi wa meza huyaita linsidi na kuyapaka kila siku bila kujua yanatoka kwenye mbegu gani, na Kemuma aliwadharau kwa hilo pia. Alimtuma Mosoti mpaka Homa Bay, akarudi na kopo la lita moja lenye karatasi ya maandishi ya Kiingereza. Juu kabisa iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mbao zako zitang'aa. Kemuma aliisoma hiyo, akaridhika.

Ijumaa alasiri alivua viatu akaanza kazi. Alipaka meza, mikono ya makochi, stuli, fremu ya mlango, hata ile picha ya harusi aliifuta ukingo wake. Alitumia fulana tatu kuukuu za Mosoti na shati lake moja la kazi. Mbao ziling'aa kweli, tusimnyime haki yake. Lakini jua la Ijumaa halimngoji Msabato. Likikaribia kuzama, nyumba inapaswa kuwa imefagiwa, chakula kimeiva, watoto wameoga, moto umezimwa. Kemuma alikusanya yale matambara yaliyolowa mafuta, akayasokomeza ndani ya gunia, akalikanyaga gunia kwa mguu lisichukue nafasi, akalisukuma kwenye pembe ya kibanda na kopo juu yake. Kisha akamwaga maji kwenye jiko la makaa mpaka likatoa mvuke. Kwa Kemuma hapakuwa na kaa la kufichwa kwenye majivu ili kesho mtu apashe chai kwa wizi. Wengine walifanya hivyo, aliwajua kwa majina.

Akafunga kufuli.

Siku ya pili walikuwa kanisani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Waliporudi, watu walikuwa wamejaa uani. Kibanda chao kilikuwa kimeungua nusu: nguzo mbili nyeusi, mabati yamekunjamana, mlango umepasuliwa kwa shoka na kuanguka ndani. Tope la majivu lilifika mpaka kwenye kamba za nguo. Nyangi alikuwa ameketi kizingitini pake, viganja vyote viwili vimefungwa kwa leso iliyolowa maji. Mitungi yake miwili ya plastiki ilikuwa imelala ubavu uani, mitupu.

Alikuwa peke yake katika ploti, wengine wakiwa sokoni. Aliona moshi, akachukua shoka la kuni, akavunja mlango, akazima. Mwanamke wa umri wake. Kama si yeye, ploti nzima ingeteketea, maana mabati yale yalishikana kwa mbao kavu mwanzo hadi mwisho.

Ndivyo mtu mwenye akili angefikiri. Lakini wapangaji wa Otieno walikuwa wamekaa na jambo hilo tangu saa sita mchana bila mtu wa kuwazuia.

"Mimi nauliza tu," alisema Caren, mikono kiunoni. "Hii ni nyumba ya Msabato, na leo ni Sabato. Nani aliwasha moto humo ndani?"

"Hakuna," mtu akajibu.

"Stima iko?"

"Hakuna stima."

"Mlango ulikuwa na kufuli ama haukuwa?"

"Ulikuwa."

"Sasa moto ilitoka wapi? Na huyu dani, huyu nyanya wa mbuzi, alijua aje kama kuna moto ndani, na kumefungwa?"

Jibu la swali hilo lilikuwa moshi, lakini hakuna aliyetaka jibu dogo hivyo. Kila mtu katika mtaa ule, awe Mkatoliki au asiwe na dini, alijua kwamba kwa Wasabato moto hauwashwi kuanzia Ijumaa jioni. Wakijua pia kwamba moto haujizai wenyewe, hesabu ikawa rahisi: huu ulitumwa. Na aliyetuma ni yule aliyekuwepo, asiye na kanisa, anayelisha wafu, aliyegombana na Kemuma kwa sababu ya mbegu.

Otieno, mwenye ploti, alifika kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa kuogopa vitu viwili, uchawi na vyumba visivyo na watu, na siku hiyo Caren na wenzake walimwambia wazi kwamba akimwacha Nyangi watahama wote. Akamsogelea yule mama, si karibu sana.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini watu wamesema. Kesho jioni jua isikupate hapa."

"Sikuwasha," alisema Nyangi.

"Mimi sijasema umewasha. Nimesema watu wamesema."

"Nimezima. Sikuwasha."

Otieno alitazama baiskeli yake.

Na Kemuma? Tuseme ukweli: Kemuma alifurahi. Kibanda kilimuuma, sufuria zilimuuma, lakini rohoni alihisi utamu wa mtu aliyesema tangu mwanzo. Alisimama na gauni lake jeupe la kanisani akapokea pole za watu, na mtu alipouliza anaonaje, alishusha macho kwa unyenyekevu akasema kwamba vita vyetu si vya damu na nyama. Watu waliguna kwa kuridhika. Nyangi alimtazama kutoka kule kizingitini.

Saa kumi hivi, watu walipopungua, Kemuma alibadilisha nguo akaingia kibandani kutafuta cha kuokoa. Jiko la makaa lilikuwa pale pale, na ule unyevu wa jana bado umeshikamana na majivu yake. Rundo la makaa kando yake halikuguswa na moto. Ukuta wa upande huo ulikuwa mzima. Weusi wote ulianzia pembe ya pili, chini kabisa, palipokuwa na gunia. Gunia lenyewe lilikuwa limekwisha, na mahali pa zile fulana palibaki donge jeusi, gumu, lililoungua kutoka ndani kwenda nje.

Aliokota kopo, lililokuwa limebingirika hadi mlangoni. Karatasi yake ilikuwa imeungua upande mmoja. Upande wa chini, herufi ndogo ambazo fundi yeyote angeweza kumsimulia, zilisema: matambara yaliyolowa yasikunjwe wala kurundikwa. Yaanikwe wazi au yaloweshwe maji. Huweza kushika moto yenyewe.

Alisoma mara ya pili. Yeye, aliyewasuta wanawake wa mtaa mzima kwa kutosoma, alikuwa amesoma mstari mmoja wa sifa na kuacha mingine yote. Jambo la kwanza alilolifanya, na hakuwahi kumwambia mtu, ni kubandua ile karatasi kwa kucha na kuifinyanga kiganjani.

Ila alishindwa kuitupa. Alimwonyesha Mosoti.

Mosoti aliisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaikunja akamrudishia.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza," alisema Mosoti. "Kesho mwalimu wako anakuja. Utamwambia nini, kwamba kitani imechoma nyumba? Utasimama wapi tena kanisani? Huyu mama ni mzee, ana mtoto wake Ryoba huko Kehancha, ataenda kukaa na mtoto wake. Si hata ni vizuri kwake?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayempangia Nyangi likizo. Kemuma alimtazama mumewe aliyekaa naye miaka kumi na minne na akamwona mdogo, mdogo sana, na kilichomkera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshawaza maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kabla hajayasikia.

Asubuhi ya Jumapili alivuka ua. Nyangi alikuwa ameanza kufunga vitu vyake: chungu, ngozi, mablanketi mawili, kinu. Viganja vilikuwa vimevimba na alifunga kamba kwa meno. Kemuma alisimama mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kunguni.

"Mama, shikamoo."

Nyangi aliendelea kukaza fundo.

Kemuma alimweleza yote, kopo, fulana, gunia, herufi ndogo. Alisema haraka na kwa sauti ya chini. Mwisho akasema, "Kwa hivyo mimi najua si wewe. Nisamehe. Nina dawa ya kubandika kwa mikono, ile ya mbegu, inapoza..."

Nyangi aliitoa kamba mdomoni.

"Mbona unaniambia mimi?" akauliza. "Mimi ndio sijui kama sikuwasha? Enda uambie hao."

Akarudisha kamba menoni.

Kemuma alitoka pale. Hao walikuwa uani tayari, maana Jumapili ya kumfukuza mchawi si ya kukosa. Otieno naye alikuwa amefika, na wakati huohuo Bi. Priscilla akaingia na mkoba wake na miwani yake, akitabasamu kwa kila mtu, akauliza hiyo harufu ya kuungua ni ya nini. Ilikuwa saa tatu. Meza ilikuwa inang'aa ndani, uji wa kitani umefunikwa, mandazi yamepangwa kwenye sahani ya maua.

Kemuma angeweza kumwingiza ndani na kufunga mlango. Alilifikiria hilo. Badala yake alisimama palepale uani, akaitoa ile karatasi iliyofinyangwa, akasema kwa sauti kwamba moto ni wake. Kwamba alikunja matambara ya mafuta ya kitani na yakajiwasha, na Nyangi hana kosa.

Caren ndiye aliyeanza kucheka.

"Kitani? Hii ya uji?"

"Mafuta yake."

"Ai, Mama Liz. Mwezi mzima hii kitu inatibu majipu, inalaza nywele, inafungua tumbo. Leo inawasha moto bila kiberiti!"

Wakacheka wote. Mzee mmoja alisema ni dhahiri, yule mama amemchezea akili usiku, ndiyo maana anamtetea. Wengine wakaguna kukubali. Kemuma akamgeukia Bi. Priscilla, ampe japo neno moja. Bi. Priscilla aliichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama juujuu, akamrudishia na lile tabasamu la pole.

"Miaka minane nafundisha kitani, dada yangu. Sijasikia jambo kama hilo. Labda umechoka." Kisha akaongeza, si kwa sauti kubwa, lakini ya kutosha, "Uongozi unataka mtu aliyetulia."

Hivyo ndivyo wanawake mia mbili walivyoondoka mbele ya macho ya Kemuma, kwa sentensi moja. Ajabu ni kwamba hilo halikumuuma kama alivyodhani. Kilichomchoma ni kusema kweli mbele ya watu na kuchekwa na Caren, mtu ambaye hata kijitabu hangeweza kukishika wima. Alipandwa na hasira yake ya kawaida, ile ya kuwaona wote wajinga, na safari hii aliona ina kazi.

"Kama ni kitambaa," Otieno alikuwa anasema, akicheka yeye pia, "iwashe tena basi, tuone."

"Lete gunia," alisema Kemuma.

Kopo lilikuwa na mafuta kama robo yake yaliyobaki chini. Aliingia ndani akachukua mashati ya Mosoti, safari hii mazuri, lile la mistari pia. Aliyaloweka mashati yote, akayakamua kidogo yawe kama yale ya siku ile, akayasokomeza guniani, akalikanyaga gunia kwa mguu. Akaliweka katikati ya ua, kwenye jua kali, na kulifunika kwa bati lililoungua. Akavuta stuli akakaa.

Watu walikaa pia. Hakuna aliyekuwa na kazi bora zaidi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kila mara mtu alikwenda kuinama, akatega sikio kwenye gunia, akasema "bado linalala," wakacheka. Caren alileta chai. Bi. Priscilla, ambaye hakutaka kuonekana anaondoka bila kula, alikula mandazi manne ndani peke yake kisha akatoka akasimama kivulini na saa yake mkononi. Kemuma hakuondoa macho kwenye bati. Aliomba, na aliona haya kwa maombi yake, maana alikuwa anamwomba Mungu amthibitishie upumbavu wake hadharani.

Nyangi hakuja kutazama. Aliendelea kufunga mizigo yake, akatoka akawafungulia mbuzi, akarudi, akafagia chumba. Kijana wa mkokoteni aliyemwita alipofika, alipanga vitu vyake vyote juu, akavihesabu kwa kidole.

Saa saba na nusu Kemuma aliweka kiganja juu ya gunia akakitoa haraka. Lilikuwa na joto ambalo si la jua. Baadaye ikaja harufu, ya mafuta yaliyochacha, kisha uzi mwembamba wa moshi ukapenya kwenye ufumaji wa gunia, ukaongezeka, ukawa wa kijivu. Caren alishusha kikombe. Moshi uligeuka mweupe mzito, na Kemuma alipolifungua gunia mdomo kwa kijiti, hewa ikaingia, na mashati ya Mosoti yakashika moto mbele ya watu ishirini na tano bila kiberiti, bila mchawi.

Watu walipiga kelele kama wameona mpira ukiingia golini. Mtu alimpiga Kemuma bega. Bi. Priscilla alisema kwamba amejifunza, kwamba ni jambo la kuongezwa kwenye mafunzo, akatoa kalamu. Otieno aliruka ule moto akaenda chumba cha sita, uso umemfunguka, mtu aliyeokolewa kutoka kwenye vitu vyake viwili kwa mpigo.

"Mama Ryoba! Imekwisha! Wewe huna makosa kabisa. Toa vitu kwa mkokoteni, ukae tu."

Nyangi alikuwa anafunga mlango. Ilimchukua muda kwa sababu ya vile viganja, na hakuna aliyemsaidia, walikuwa wanangoja afurahi. Alipomaliza alimpa Otieno ufunguo.

"Jana nilikuambia sikuwasha. Ukasema nitoke," alisema. "Miaka kumi na tisa nimekaa na nyinyi. Leo gunia limeongea siku moja, mmeliamini. Basi kaeni na gunia."

Aliwaita mbuzi kwa ulimi, wakamfuata. Mkokoteni ukatangulia ukilia kwa gurudumu moja. Kemuma alimkimbilia, akamshika upindo wa shuka, akatafuta la kusema. Nyangi alisimama akangoja, kwa adabu kabisa, na Kemuma hakulipata, akauachia upindo.

Aliporudi uani gunia lilikuwa bado linawaka na watu wote wamelizunguka, kila mmoja akieleza kwamba yeye tangu jana alikuwa na mashaka. Hakuna aliyefikiria maji. Kando kidogo, karibu na mlango wa chumba cha sita, Mosoti alikuwa amemshika Otieno mkono na kuongea naye kwa sauti ile ile ya upole.

"Si unajua jikoni yetu imeungua," alikuwa akisema. "Sasa hii chumba, kabla hujapatia mtu mwingine."

Otieno alisukuma ufunguo kwenye kufuli, akachungulia ndani.

"Amefagia," akasema. "Mnaweza kuingia hata leo."